Vifaranga wa Igombe na pumba zilizoota ukungu

Simu iliingia saa moja asubuhi, mvua ya Aprili ikiwa bado inachuruzika kwenye bati.

"Mwangaluka, daktari. Njoo unionee hawa vifaranga, wanakwisha."

"Shikamoo mama. Wamekufa wangapi?"

"Marahaba mwanangu. Jana ishirini na nne. Leo sijahesabu, naogopa."

Mimi si daktari. Ni afisa mifugo wa diploma, lakini huku kwetu kila anayeshika sindano ya kuku ni daktari, na nilishaacha kubisha. Nikachukua pikipiki, nikapita uwanja wa ndege wa Mwanza, nikashuka Igombe ambako upepo wa ziwa unakupiga usoni kabla hujaliona ziwa lenyewe. Kufika nikamkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda, kanga imelowa mpaka magotini. Tukahesabu pamoja. Siku hiyo, ya kumi tangu wafike, walikuwa wamekufa 26.

Alikuwa ameagiza vifaranga 300 wa chotara, wa siku moja, wakaja kwa basi. Siku nne za kwanza walikufa watano tu, jambo ambalo mfugaji yeyote hulimeza. Siku ya tano hakufa hata mmoja. Siku ya sita wakafa 8, ya saba 13, ya nane 21, ya tisa 24, na ya kumi hao 26. Jumla 97. Kwenye duka la dawa za mifugo walimwambia ni mafua, wakampa OTC, antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji. Siku mbili baadaye, vifo vilipozidi, wakamwongezea tairosini, antibayotiki nyingine. Kila mtu alikuwa ameshachangia ushauri, akiwemo fundi seremala.

Kilichonisaidia mimi siku ile ni uhaba wa maranda. Mama alinunua maranda ya mbao, yakatosha nusu ya chumba. Nusu nyingine akatandika pumba za mpunga alizopewa na ndugu yake kutoka Magu. Kwa hiyo bruda, yaani sehemu za kuwapashia vifaranga joto, zilikuwa mbili, zimetengwa kwa hadibodi, vifaranga 150 huku na 150 huku. Chakula kilitoka mfuko mmoja, maji ndoo moja, chanjo chupa moja, na kila upande una jiko lake la mkaa. Nilipomuuliza wafu wametoka upande gani, alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anauliza mwenyewe. Kijana wake wa kidato cha nne, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaokota kila asubuhi, akajibu: "Karibu wote wa pumba." Alikuwa ameandika kwenye daftari la hesabu, kila siku na mistari yake. Upande wa pumba 86. Upande wa maranda 11.

Watafiti hulipia fedha nyingi kupata jaribio la namna hiyo. Mama huyu alilipata kwa kuishiwa maranda.

Daftari lile liliondoa mezani karibu kila kitu nilichokuwa nimekihofia njiani. Kideri kisingeheshimu hadibodi. Chakula kibovu kingeua pande zote mbili. Hewa chafu ya mkaa huua usiku mmoja na huacha damu nyekundu ya kung'aa, wala haiongezeki taratibu siku hadi siku. Kuhara damu huja baadaye kidogo, na kinyesi kingesema. Kama tatizo lingetoka kwa waliototolesha, mathalani mayai machafu au salmonela, vifaranga wagonjwa wangegawanyika kwa bahati nasibu huku na huku.

Nikachuchumaa kuwasikiliza. Hapa ndipo mtu wa duka alipokosea, na simlaumu sana kwa sababu hakuwahi kufika bandani. Vifaranga walikuwa wanahema kwa kupanua mdomo, shingo imenyooshwa juu, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Lakini kimya. Kuku mwenye mafua hukoroma, unamsikia ukiwa nje. Hawa walitweta bila sauti, kama samaki aliyetupwa mchangani. Kutweta kwa kimya, kifaranga akiwa chini ya wiki tatu, kwenye tandiko lililolowa, kunapaswa kukufanya ufikirie ukungu kabla ya kitu kingine.

Nikapasua watano pale pale barazani. Mapafu ya kifaranga mzima yana rangi ya waridi na ni laini kama sifongo. Haya yalikuwa yamejaa vinundu vya njano iliyofifia, saizi ya punje ya uwele, vigumu kidogo ukivibonyeza. Vifuko vya hewa, ambavyo kwa kawaida ni utando mwangavu unaoweza kusomea gazeti, vilikuwa vizito na vyeupe. Kwa kifaranga wa nne nilimwita kijana aje aone: ndani ya kifuko cha hewa kulikuwa na zulia dogo la kijivu chenye ukijani, lenye manyoya. Ukungu ulikuwa umeota ndani ya mnyama aliye hai na kutoa mbegu, kama unavyoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini.

Kijana akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyemwambia mama ukungu hauna neno."

Kumbe siku mama alipofungua magunia ya pumba aliona weupe na vumbi la kijani. Yalikuwa yamekaa barazani wiki mbili, mvua ikiyapiga upande mmoja. Akasita. Kijana akamweleza alichofundishwa shuleni, kwamba penisilini ilitokana na ukungu, kwa hiyo huenda hata ungewakinga vifaranga. Mama akayaanika magunia nusu siku, akatandika.

Wengine wangemcheka. Mimi sikuweza, kwa sababu kijana alikuwa na nusu ya ukweli mkononi, na nusu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Ukungu ule ulikuwa unatengeneza antibayotiki. Nilichukua vipande vya mapafu na kiganja cha pumba nikavipeleka maabara. Baada ya siku tatu kwenye joto la nyuzi 37 vyote viwili viliotesha ukungu wa aina moja, wa buluu ya kijivu, na chini ya hadubini vichwa vyake vilikuwa na umbo la chupa lililobeba minyororo ya mbegu. *Aspergillus fumigatus*. Na huyu bwana, katika vitu vingi anavyotengeneza, ana kimoja kiitwacho gliotoksini.

Historia ya gliotoksini nimewasimulia wafugaji mara nyingi kuliko ya penisilini, kwa sababu inafundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Richard Weindling, akiwa California, alikuwa akitazama kuvu mmoja wa udongoni akimnyonga kuvu mwingine anayeozesha miche ya michungwa. Akagundua kwamba yule mshindi hatumii nguvu za mwili peke yake, anatema kitu. Mwaka 1936, yeye na O. H. Emerson wakakitenga kitu hicho kikiwa fuwele. Jina gliotoksini likatokana na *Gliocladium*, jina walilompa kuvu yule. Kiliua kuvu wengine, kiliua na bakteria. Penisilini ilikuwa imeonwa na Alexander Fleming mwaka 1928, lakini ilikuwa bado haijawa dawa mkononi mwa mtu. Kwa hiyo kwa kitambo gliotoksini ilikuwa na haki ya kutumainiwa kama mwenzake. Ilipojaribiwa kwa wanyama ikawaua.

Haikuwa peke yake. Patulini, inayotengenezwa na aina fulani za *Penicillium*, jamaa wa karibu kabisa wa ukungu wa penisilini, ilitangazwa Uingereza mwaka 1943 kama tiba ya mafua ya kawaida. Wakafanya jaribio kwa wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa viwandani na kwenye ofisi za posta, wakaona haitofautiani na maji yasiyo na dawa hiyo. Leo patulini inatafutwa kwenye juisi ya matufaha kama uchafu, na kikomo kinachotumika katika nchi nyingi ni mikrogramu 50 kwa kilo. Na kabla ya wote hao, mwaka 1893, Mwitalia Bartolomeo Gosio, akichunguza mahindi yaliyooza, alipata fuwele kutoka kwenye ukungu wake zilizozuia bakteria wa kimeta. Ndiyo asidi ya maikofenoliki. Haikufaa kuwa antibayotiki. Miaka mia moja baadaye, kwa kuwa inadhoofisha kinga ya mwili, ikageuzwa dawa ya waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine.

Basi kijana akaniuliza swali lililostahili kuulizwa: kama vyote vinatoka kwenye ukungu na vyote vinaua bakteria, kwa nini hiki ni dawa na hiki ni sumu?

Nilimjibu hivi. Penisilini inabomoa ukuta. Bakteria wana ukuta wa aina yao, na kimeng'enya kinachoujenga ndicho penisilini inakishika. Kuku hana ukuta huo, wewe huna, mimi sina. Penisilini ikipita mwilini mwetu haikuti cha kubomoa, isipokuwa kwa wale wenye mzio. Gliotoksini haibagui. Ndani yake kuna atomu mbili za salfa zilizoshikana, kama kufuli ndogo. Ikiingia kwenye seli, kufuli hufunguka na kujishika kwenye salfa ya protini yoyote iliyo karibu, na kila seli yenye uhai, ya bakteria, ya kuvu, ya kuku, ina protini za namna hiyo zikifanya kazi za lazima. Kisha kufuli hufunga na kufungua tena, na kila mzunguko huzalisha hidrojeni peroksaidi, dawa ile ile tunayomwagia kidonda kikatoa povu. Povu hilo sasa linatoka ndani ya seli.

"Na ukungu wenyewe haujiui?"

Una kinga yake. Una kimeng'enya kiitwacho GliT ambacho huifunga kufuli kabla sumu haijamgeuka mwenyewe. Wakikiondoa maabara, *Aspergillus* anakuwa dhaifu mbele ya sumu aliyoitengeneza. Nyoka wetu huyu ana dawa ya sumu yake mfukoni.

Kwa mapafu ya kifaranga, sehemu mbaya zaidi ni nani anayeumizwa kwanza. Mbegu za *A. fumigatus* zina upana wa mikroni mbili hadi tatu hivi. Ni ndogo kiasi cha kupita vichujio vyote vya koo na kushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Kila kiumbe anazivuta kila siku, mimi na wewe pia, na seli walinzi huzimeza zikaisha habari. Gliotoksini inawalenga walinzi hao. Inazuia seli kumeza, inawaua wamezaji, inazima swichi inayoamsha kinga, na inaziba kimeng'enya ambacho seli nyeupe hukitumia kuwasha moto wa kuunguza mvamizi. Watafiti walipojaribu ukungu usioweza kutengeneza gliotoksini kwa panya, ilionekana kwamba panya ambao seli zao nyeupe zimefutwa kabisa walikufa vile vile, lakini wale waliodhoofishwa kinga kwa dawa za steroidi huku seli nyeupe wakiwa nazo walikufa wachache zaidi. Maana yake sumu hii ni silaha dhidi ya mlinzi. Pasipo na mlinzi haina kazi. Na si jambo la panya peke yake: batamzinga waliougua mapafu kwa ukungu huu wamekutwa na gliotoksini kwenye tishu zao.

Pale Igombe sumu yenyewe hatukuipima. Nasema *A. fumigatus* kwa sababu tulimwotesha, na naitaja gliotoksini kwa sababu ndiyo tabia ya aina hii. Kifaranga wa wiki moja, kinga yake ikiwa bado changa, anavuta wingu la mbegu saa ishirini na nne kwa siku. Hata ukungu usio na silaha ungemsumbua.

Wingu hilo lilitokeaje? Hapa mama alinibishia, na ubishi wake ulikuwa na mantiki: "Mbona nilianika? Zilikuwa kavu kabisa juu." Zilikuwa kavu, naam. Ukungu huota kwenye unyevu na husambaa kwenye ukavu. Mvua iliulisha wiki mbili barazani. Chini ya vyombo vya maji pumba zilibaki mbichi, ukaendelea kuota. Juu, jiko la mkaa likakausha, na miguu ya vifaranga 150 ikawa inatimua vumbi siku nzima kwa urefu wa pua zao wenyewe. Zaidi ya hapo, huyu ni ukungu wa joto. Anakaa kwenye lundo la mboji linalofuka moshi. Bruda ya joto kwake ni nyumbani, na mwili wa kuku, nyuzi 41, ni nyumbani zaidi.

Sasa turudi kwenye OTC. Oksitetrasaiklini hutoka kwa *Streptomyces*, kiumbe wa udongoni ambaye zamani walimdhania kuvu kwa sababu ya nyuzi zake, ingawa ni bakteria. Inakwamisha mashine ya kutengeneza protini, ile ya umbo la bakteria. Mashine ya kuvu imefanana na ya kuku kuliko ya bakteria, kwa sababu kuvu kwa ukoo yuko karibu na wanyama kuliko anavyofikiriwa, na ndiyo sababu dawa za kuvu ni chache na nyingi ni kali kwa mgonjwa. Tairosini nayo ni hivyo hivyo, inamtafuta bakteria. Kwa siku tano vifaranga wale walikunywa antibayotiki kwenye maji na, kwa kadiri nionavyo, wakatengenezewa nyingine mapafuni. Ile ya chupa haikumgusa ukungu. Ile ya ukungu iliwagusa wao. Mama alitumia kwenye dawa fedha zilizotosha kununua maranda ya chumba kizima, na hilo ndilo lililomuuma kuliko vifo.

Tiba ya maana kwa kifaranga aliyeota vinundu hakuna. Dawa za kuvu zipo, lakini kwa kuku wa biashara hesabu haitoki. Tulisimamisha OTC na tairosini. Tulihamisha waliobaki upande wa pumba kwenda sebuleni kwa mama (wajukuu walifurahi sana), tukanyunyizia pumba maji kwanza ili vumbi lisiruke, tukazitoa kwa beleshi, tukasugua sakafu, tukapiga dawa, tukaacha madirisha wazi siku mbili. Maranda mapya yalitoka Igoma, makavu, na magunia yakawekwa juu ya mbao ndani. Vyombo vya maji vikainuliwa juu ya matofali. Ugonjwa huu hauruki kutoka kwa kuku mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwaua walio wazima, kama jirani mmoja alivyokuwa ameshauri.

Jambo moja nililisisitiza mpaka mama akaudhika. Mume wake aliwahi kuugua kifua kikuu, akapona. Pafu lililopona TB wakati mwingine hubaki na shimo, na ukungu huu huu hupenda kujiviringisha kwenye shimo hilo kama tonge. Nikamwambia mzee asishike beleshi wala asiingie bandani siku za kusafisha. Mzee alikuwa ameshavaa gambuti. Akazivua bila kusema kitu, akaenda zake mwaloni.

Siku ya kumi na moja walikufa 17. Ya kumi na mbili, 9. Mpaka wiki ya tatu kuisha wakafa wengine 14, kisha vifo vikakatika. Waliodumaa kabisa, 14, tuliwachinja. Wakabaki 149: upande wa maranda 136, upande wa pumba 13. Nilimwomba kijana awafunge hao 13 uzi mwekundu mguuni, tuwafuatilie.

Pumba mama alitaka kuzimwaga kwenye bustani ya mchicha. Nilimwambia zifukiwe mbichi hivyo hivyo, mbali na banda, na udongo wa kutosha juu. Kijana akaniuliza kama kuvu wa Weindling, yule aliyelinda miche ya michungwa, hawezi kulinda mchicha wao. Nikamwambia wapo wakulima wanaotumia *Trichoderma*, ukoo ambamo kuvu yule amewekwa sasa, kwa kazi hiyo hiyo, ila hauokotwi kwenye gunia lililolowa. Akaliandika hilo kwenye daftari, ukurasa wa pili baada ya wafu.

Mwezi Agosti mnunuzi alikuja na matenga. Aliwashika mmoja mmoja, akimpima kila kuku kwa kumnyanyua na kumrudisha, kama wanavyofanya wote. Wenye uzi mwekundu aliwatenga pembeni, kumi kati ya kumi na tatu, wepesi hawa, akasema, hawa nitakupa bei nyingine. Uzi hakuuliza ni wa nini.